Kipande cha Mninga Mezani kwa Bwana Ramani

Yunusu Matano alikuwa seremala hodari kuliko mimi, na ninayesema hivyo ni mimi Silvester, Mhehe wa Kalenga, nisiye na mazoea ya kumsifu mtu. Tulishirikiana benchi moja hapa Mbeya miaka minane. Kasoro yake moja tu: adabu. Mama yake, Bibie binti Selemani, alimlea kwa fimbo na agizo moja, mkubwa akisema, wewe itikia. Basi Yunusu akaitikia maisha yake yote.

Mwaka 1954 ikaja habari ya shule mpya kule Mwanjelwa. Mchoraji alikuwa Mzungu mrefu, sisi tukimwita Bwana Ramani. Kabla ya kuchora alitaka tumkatie vipande vya mbao. Si nyumba ndogo ndogo, la! Mabonge matupu, hayana mlango wala dirisha, ila ukubwa tu: hili madarasa, hili bweni, hili bwalo. Inchi moja mezani ni futi ishirini za ardhi. Alitandaza ramani ya kiwanja juu ya meza, akawa anasogeza vipande huku na huku, anachuchumaa, anafumba jicho moja, anavigeuza tena. Nilicheka. Mtu mzima na ndevu zake, anacheza!

Kicheko kiliniishia alipoliweka bweni. Yunusu alininong'oneza, "Silvester, pale ni kwetu." Kweli. Kwenye ramani palikuwa peupe, lakini ndipo ilipokuwa nyumba ya Bibie, ya matofali mabichi, aliyoijenga na marehemu mumewe. Wapimaji hawakuichora. Kwao nyumba ya udongo haikuwa nyumba.

"Mwambie," nikasema.

"Nitaanzaje kumsemesha?"

Jioni akachukua kipande cha mninga, chekundu, akakipima: urefu inchi moja, upana robo tatu, kimo nusu. Nyumba ya mama yake kamili. Akakipiga msasa mpaka kikang'aa. Asubuhi, kabla Bwana Ramani hajafika, akakiweka mahali pake na kulisogeza bweni kando, upana wa vidole viwili. Nilifurahi jamani. Nikajua leo bubu kasema.

Bwana Ramani akaja, akakiona, akakiinua.

"Kizuri sana hiki. Nani amekitengeneza?"

"Mimi, bwana."

"Ni stoo?"

Lo! Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu, hapana. Hata mtoto wa miaka miwili analijua.

"Ndiyo, bwana," akasema Yunusu.

"Vizuri. Stoo nilikuwa nimeisahau." Akakipeleka pembeni kabisa, nyuma ya jiko, kisha akalirudisha bweni pale pale. Na mimi nilikuwepo, nimeshika randa, kinywa nimekifunga. Mpaka leo najichukia.

Mwaka uliofuata nyumba ikabomolewa. Bibie akahamia chumba cha kupanga, akawa anapikia mlangoni mwa watu. Stoo nayo ikajengwa, matofali ya kuchoma na bati juu, vipimo vile vile vya kile kipande. Mlango wake aliutengeneza Yunusu.

Siku ya kuufunga bawaba, Bibie alituletea chakula. Akaweka kapu chini, akaingia ndani kabla hatujamzuia. Alihesabu hatua ukuta hadi ukuta, akarudi, akahesabu tena. Akasimama kwenye pembe ya kulia.

"Yunusu, mwanangu, mbona hapa ni kwangu? Kitanda changu kilikaa hapa." Akaketi pale pale sakafuni, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika nyumbani.

Yunusu alikuwa analia. Ndipo akaja msimamizi, na nyuma yake vibarua wenye magunia ya saruji vichwani.

"Mwambie huyo bibi atoke," akasema.

"Ndiyo, bwana," akajibu Yunusu, akaenda kumshika mama yake mkono.