Mawe Chini ya Nyumba ya Nyanya

Mtanisamehe mwandiko. Niliishia shule ya msingi, kidole changu kimoja kimepondwa na jiwe, na maneno mengine huenda nimeyakosea herufi. Ninaandika polepole, nanyi nisomeni polepole. Mambo haya sijawahi kuyasimulia kwa mdomo, kwa sababu watu wawili wakinitazama pamoja mimi hunyamaza.

Nilifanya kazi katika mgodi wa shaba kule Migori, miaka hii ya kwanza baada ya Uhuru. Kazi yangu haikuwa kutoa mawe bali kuyarudisha. Wachimbaji wakishatoa mawe ya shaba, hubaki chumba kitupu chini ya ardhi, na uzito wote wa juu umeshikwa na nguzo za miti tu. Sisi wajazaji tulisukuma vigari vya mawe yasiyo na shaba, tukajenga ukuta wa mawe mbele ya chumba, tukajaza nyuma yake. Wachimbaji walitucheka. "Sisi tunatoa mali," walisema, "nyinyi mnarudisha takataka."

Kisha uchimbaji ukafika chini ya boma la nyanya yangu, mama yake baba. Baruti ilipolipuka vyungu vyake viligongana. Ufa ukatokea sakafuni, ukapita chini ya ukuta, ukaelekea kaburi la babu lililo kando ya nyumba, kama desturi yetu Wajaluo. Karani wa mgodi alikuja kumwambia ahame, atajengewa nyumba ya mabati upande wa Uriri.

"Mimi naweza kuhama," nyanya alimjibu. Akaonyesha kaburi. "Na huyu, utamhamisha na kitanda chake?"

Karani alirudi zake mgodini. Wachimbaji walipomaliza kutoa shaba mahali pale, kundi letu likapewa chumba kile tukijaze. Sikumwambia mtu kwamba nyumba iliyo juu ni ya kwetu. Niliona haya. Lakini nyanya alijua, na kila nilipotoka kazini aliniuliza.

"Mume wangu," aliniita, kama nyanya wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, "leo uko wapi chini yangu?"

"Chini ya ghala, nyanya."

"Mna mtama humo. Usiliangushe."

Siku nyingine nikamwambia tuko chini ya jiko.

"Ndiyo maana ugali umeungua! Unanipigia kelele."

Niliyefanya naye kazi alikuwa mtu mzima wa ufuoni Homa Bay, aliyeacha uvuvi. Alikuwa na nguvu kuliko mimi na alipenda mawe makubwa, kwa sababu yanajaza upesi. Mimi nilikwenda polepole. Babu alinifundisha kutengeneza ua wa mawe wa boma letu, ule usiotiwa udongo hata kidogo. Kila jiwe kubwa likilala, unatafuta dogo la kupigilia pembeni mpaka lile kubwa likatae kutikisika. Chini kule nilijenga vivyo hivyo.

"Unasuka kikapu?" mwenzangu alinitania. "Ukienda mwendo huu, hata samaki watazeeka ziwani."

Shida yenyewe iko juu kabisa. Mawe ukiyamwaga hujishindilia, na yakishuka huacha nafasi chini ya dari, na dari huanguka polepole kuijaza nafasi hiyo. Ikiendelea kuanguka, mwisho walio juu ya ardhi huona shamba limebonyea. Tulipofika chini ya kaburi, mnyapara wetu, Mkuria wa upande wa Kehancha, akaja kutazama.

"Pamejaa," alisema. "Vigari vinangojwa kwingine. Kesho tunatoa nguzo, nazo zikatumike huko."

Mwenzangu akachukua koti lake. Mimi nilibaki pale. Nilielekeza taa ya kofia yangu juu, kwenye dari.

"Bado, mzee," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza mnyapara kusikia sauti yangu.

"Bado nini?"

"Mkono unaingia."

Alipanda juu ya mawe, akapitisha mkono wake kati ya mawe na dari. Uliingia mpaka kwenye kiwiko. Aliutoa, akaupangusa vumbi.

"Basi fungeni," alisema. "King'ora cha kutoka kazini kikilia sitaki kusikia 'bado' tena."

Tukafanya kazi tumelala chali, vumbi likitujaa machoni. Mvuvi yule alinichagulia mawe bapa na hakunitania tena, ila alisema mara moja, "Lete mkono wako mdogo huku, wangu umegoma." Nilipigilia mpaka hata ncha ya sururu haikupita. Jiwe la mwisho ndilo lililokula kidole changu.

Kesho yake nguzo zilitolewa. Dari ililalamika, mawe madogo yakalia kama meno yanayosagwa, halafu kukawa kimya. Tulisubiri. Hakuna kilichoanguka. Mnyapara alinigonga bega, akaenda zake.

Nilimkuta nyanya ameketi kando ya kaburi, amezungusha mikono kwenye magoti.

"Ardhi imekohoa mara moja tu," alisema. "Ni wewe?"

"Ni mimi, nyanya."

Aliziba ule ufa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mvua kubwa ilinyesha, ikapita, na ufa haukufunguka. Jumapili, nje ya kanisa, aliwaambia wanawake wenzake kwa sauti kubwa, "Mume wangu mdogo amembeba mume wangu mkubwa!" Walicheka sana, wakanitafuta kwa macho. Nilijificha nyuma ya baiskeli za watu, lakini nilifurahi mno.

Sasa niko mbali kidogo, ninafanya kazi Isebania. Msomaji, kama wewe pia ulijaza mawe chini ya ardhi, au shamba lenu liko juu ya mgodi, tafadhali niandikie jinsi ardhi ya kwenu ilivyokaa. Na kama unapita kwetu, mpigie nyanya hodi, utazame sakafuni kama ule ufa haujafunguka, kisha uniambie. Barua nitajibu, ingawa nitachelewa.