Cheche Anamchagulia Mama Birika la Umeme

Mtaani walimwita Cheche, na usidhani ni kwa ukali. Ukali gani, kwa mtu ambaye hata paka wake alimfokea? Jina lilitokana na kazi. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mageti yote ya barabara ile, kuanzia kwa mshona viatu hadi kona ya zahanati, yalipita mikononi mwake. Kila akipita aliyagonga kwa kidole, ko ko, kama daktari anavyogonga kifua cha mgonjwa, kisha anamwambia aliye karibu, "Hili litakuzika wewe na wajukuu zako." Chuma kilimtii, sikatai. Kilichomshinda ni birika la mama yake.

Mama huyo alikaa peke yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya mwanawe, umbali wa kukohoa na kusikika. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nguo. Sasa amestaafu, miguu ingali imara na ulimi imara zaidi, ila kumbukumbu ilikuwa imeanza kuvuja tone kwa tone, kama bomba usilojua limetoboka wapi. Alfajiri aliteleka birika la kahawa kwenye jiko la gesi, akatoka kufagia uwanja, akakutana na jirani, wakaulizana habari za nyumbani, za shambani na za watu waliokufa zamani, na jua likapanda. Birika la kwanza liliungua likawa jeusi ndani na nje. La pili likatoboka kitako. Mara ya tatu ni jirani aliyekuja mbio na ndoo ya maji, maana kitambaa cha kushikia sufuria kilikuwa kimeshika moto.

Hapo ndipo dada yake Cheche, muuguzi, mkubwa kwake kwa miaka mitano na kwa mambo mengine yote, alipopiga simu kutoka mji wa mbali.

"Nikisikia moto tena, namchukua. Aje akae kwangu."

"Ghorofa ya nne? Mama?"

"Ghorofa ya nne watu wanaishi. Kwenye majivu hawaishi."

Mama alipopelekewa habari alicheka kicheko kikavu. "Huko juu nitaongea na nani, kunguru? Mwambie dada yako mimi si kabati la kuhamishwahamishwa." Lakini jioni ile Cheche alimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani, anautazama mlango kana kwamba mtu ameshaanza kuufunga kwa nje. Akatoka bila kuaga. Akampigia dada yake.

"Niachie mimi. Nitamtafutia mashine ya kahawa inayojizima yenyewe. Kahawa ndiyo inayomponza, chakula hajawahi kuunguza hata siku moja. Mimi ni mtu wa umeme, nalijua hili."

"Wewe ni mtu wa maneno. Na lile jiko la gesi liondoe."

"Nimnyang'anye mpishi jiko? Afadhali nimkate mkono."

Kesho yake alioga mchana, jambo lililowashangaza wengi, akaenda duka la vyombo vya umeme. Muuzaji alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye miwani, mwenye subira ya mtu aliyekwisha kuona wateja wa kila namna. Cheche alizinyanyua mashine moja moja, akazipindua kutafuta skrubu, akazigonga matumbo, akazipima uzito kiganjani.

"Kaka, hizo hatuuzi kwa kilo."

"Chuma chepesi kina aibu yake, dada. Hii hapa vipi?"

"Hiyo ya kioo unatia kahawa, unamimina maji ya moto, unasukuma chujio chini."

"Na maji ya moto yanatoka wapi?"

"Unachemsha jikoni."

"Weka mbali. Na hii?"

"Hii unatumbukiza kidonge cha kahawa, unabonyeza, kikombe kinajaa."

Cheche akamfikiria mama yake akiletewa kahawa ya kidonge. Angeuliza anameza mara ngapi kwa siku. Akatikisa kichwa.

Muuzaji akamsogezea ya tatu, sanduku jeusi lenye jagi pembeni na swichi moja tu nyekundu. "Asubuhi unatia maji, unatia kahawa, unabonyeza. Baada ya nusu saa inajizima. Nani ataitumia?"

Basi hapo ndipo pa kusema kweli. Angesema tu, ni mama yangu, ameanza kusahau. Sentensi fupi, haina hata nukta mbili. Lakini Cheche, aliyewaambia watu ukweli kuhusu mageti yao mchana kweupe, alitazama pembeni, kwenye majokofu, akajibu, "Mimi. Mimi ni msahaulifu kidogo."

"Basi chukua hii. Ina sura yake yenyewe, hata ukiwa na usingizi huwezi kuikosea."

Lakini macho ya Cheche yalikuwa yameshapanda rafu ya juu. Pale palikuwa na birika, birika haswa, la bati linalong'aa, lenye mdomo, mkono na kifuniko chenye kirungu, kama lile la mama kabla halijaungua. Tofauti ni kwamba hili lilikaa juu ya kisahani chenye waya, likachemsha kahawa kwa umeme, likajizima. Moyo ukamruka. Lile sanduku mama angelikataa siku ya kwanza, angesema kahawa haitoki kwenye redio. Hili lingekuwa mwenzake.

"Hilo kitako chake ni plastiki," muuzaji alisema. "Lisiwekwe motoni kabisa."

"Dada, mimi nacheza na moto tangu hujazaliwa."

Wiki mbili mambo yalikuwa mazuri mpaka yakaudhi. Cheche alipita kila asubuhi kunywa kikombe, na mama alilalamika kwamba kahawa ya umeme haina moshi, lakini akaipika, birika likakaa kwenye kisahani chake, swichi ikalia tak, basi. Cheche akampigia dada yake kila siku ya pili kumpa taarifa ambazo hakuombwa. "Ulisema mimi ni mtu wa maneno? Njoo unywe maneno haya yakiwa moto."

Jumanne ya wiki ya tatu alikuwa bado anafungua kufuli ya karakana harufu ilipomfikia. Fundi anaijua harufu ya plastiki inayoungua kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe. Hatua za kufika kwa mama alizipiga bila kukumbuka kuzipiga.

Jikoni kulikuwa kumejaa moshi mweusi. Birika linalong'aa limesimama juu ya moto wa gesi, kitako kimeyeyuka, kinadondoka matone yanayowaka kupitia kwenye chuma cha jiko hadi sakafuni. Mama anapepea kwa mfuniko wa sufuria, mkono wa kulia umebabuka vidole viwili. Cheche akafunga mtungi, akalisukuma birika chini kwa ufagio, akalimwagia ndoo nzima. Kisha akamshika mama mkono, akautia kwenye maji baridi.

"Birika gani hili," mama akafoka huku anakohoa, "linayeyuka kama mshumaa?"

Cheche akacheka. Aibu kuisema, lakini alicheka, kwa woga. Mama naye akaanza kucheka, halafu akanyamaza ghafla. Alikuwa ameona kisahani. Kiko mezani pale pale, waya umechomekwa ukutani, juu yake hakuna kitu.



"Ni kosa la kiwanda," Cheche alisema haraka. "Mama, sikia. Nitalisugua jiko kwa brashi ya waya, ukuta nitaupaka rangi leo leo, naleta mashine nyingine, ile ya sanduku. Dada hana haja ya kujua. Mimi ndiye niliyechagua vibaya."

"Umechagua vibaya, kweli."

"Si ndiyo hivyo!"

"Lakini moto niliuwasha mimi." Alitoa mkono kwenye maji, akautazama, akaurudisha. "Kule kantini nilikuwa na mpishi mmoja. Mchuzi wake watu walikuwa wanaupigania. Akaacha gesi wazi mara moja, nikamsamehe. Mara ya pili nikamvua aproni mwenyewe, kwa mikono hii, mbele ya wenzake. Mtu mzima alilia. Nikamwambia, mchuzi wako mtamu, lakini watu mia mbili wanakula humu."

"Mama, wewe si..."

"Upande wa pili wa ukuta huu wamelala watoto watatu wa jirani, mwanangu. Mpigie dada yako."

"Tungoje kidogo. Tukae tufikiri."

"Nipige mwenyewe kwa mkono huu?"

Akapiga. Dada alipokea upesi, sauti yake imechangamka. "Haya, bwana umeme! Leo una taarifa gani?"

Cheche alifungua mdomo. Mtu yule ambaye hakuwahi kukosa neno hata msibani alisimama katikati ya moshi, simu sikioni. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akaichukua.

"Ni mimi. Nimechoma jiko. Hapana, mzima, vidole viwili tu. Njoo Jumamosi unichukue. Na uje na gari kubwa, siji kwako kama mgeni na kibegi."

Upande wa pili muuguzi yule, aliyezoea kuona damu na mauti kabla ya chai, akasikika anapenga kamasi.

"Usilie, tuna kazi," mama alisema. "Niambie. Jiko la kwako ni la gesi au la umeme?"

"La gesi, mama."

"Basi litieni kufuli kabla sijafika."