Siku Kahonzi Alipopanga Viti Kinamasini

Kahonzi wa Mwambire alikuwa na ulimi mkali, nami nasema heri. Miaka ishirini alivua uduvi kwa kutanda shuka kuukuu nyuma ya mikoko ya mkondo wetu, kusini mwa Malindi, na uduvi huo ndio uliomlelea watoto tangu afiwe na mume.

Mwaka 1986 serikali iliamua mikoko ile iwe hifadhi. Tulifurahi, mpaka mpima ardhi, Bwana Gerishom, alipokuja wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haipandi sana, akapigilia vigingi pale maji yalipoishia. Kinamasi chote cha nyuma, uduvi unakozaliana, kikabaki nje. Tajiri mmoja alikuwa ameshakiomba achimbe mabwawa ya chumvi. Mtu wa bara utamjua hapo tu, hudhani bahari ina ukingo mmoja.

"Rudi siku ya bamvua, bahari inapojaa sana, bwanangu, uone maji yafikapo," Kahonzi alimwambia.

"Mama, hapa ni pakavu. Ramani ninayo."

Kahonzi hakubishana. Alikwenda kwa chifu akaomba baraza la kumaliza mambo ya mpaka, na siku akaichagua mwenyewe: ya pili baada ya mwezi kuandama, saa kumi alasiri. Viti akavipanga katikati ya hapo pakavu pa ramani.

Bwana Gerishom alikuwa angali akisoma maelezo yake maji yalipomfika viatuni. Akasogeza kiti. Yakamfuata. Chifu akakunja suruali, sisi tukacheka mbavu hatuna. Mpima akavua viatu, kisha, sifa zake nampa, akacheka naye.

"Haya mama, nionyeshe yanapoishia."

Wakaandamana, vigingi vikipigiliwa upya ukingoni mwa maji, na kinamasi chote kikaingia ndani. Wakafika nyumbani kwa Kahonzi. Nyumba ilielekea kinamasini, na maji yalikuwa yameshaupita hata ukuta wa nyuma. Gerishom akasita, nyundo mkononi.

"Nikikiweka kigingi hapa, mama, nyumba itaingia hifadhini na itakubidi uhame. Naweza kukizungusha mbele ya nyumba, hakuna atakayejua."

Kahonzi aliitazama nyumba yake.

"Aliijenga marehemu. Nilimwambia hapa pana maji, akajitia uziwi," akasema. "Tajiri naye akitaka azungushiwe, utamwambiaje? Piga, bwanangu."

Akainama nyuma ya nyumba, akakishika kigingi kwa mikono yake miwili mpaka nyundo ilipomaliza.