Kichaka cha Kijani Kwenye Mchoro wa Babu

Mchoro wa mlima uliniumbua mbele ya kijiji kizima. Na fundi nilimwita mwenyewe!

Ulichorwa kwa rangi za mafuta mwaka 1911, na mgeni aliyelala kwetu kiangazi kizima akila jibini ya bure. Mlima, theluji, malisho ya juu na kibanda kimoja cha mbao.

Malisho hayo ndiyo yaliyoleta ugomvi. Nikiyakosa, ng'ombe wangu kumi na wawili nawauza.

Jirani yangu, Bi Kreszentia, alidai kibanda kilikuwa cha babu yake, na malisho pia.

"Alama yenu iko wapi?" nikamuuliza.

Huku kwetu kila ukoo huchonga alama yake mlangoni. Kibanda chenyewe kilishazolewa na maporomoko ya theluji, kikabaki mchoroni tu. Na mchoroni, mlango umezibwa na kichaka.

"Iko nyuma ya kichaka chenu," akasema.

"Bibi, hata kichaka nacho kinakuonea?"

Watu wakacheka. Mimi nikavimba kichwa.

Siku ya baraza la malisho, kwa kimbelembele changu, nikamleta fundi Lorenz ausafishe mchoro pale pale ukumbini. Nilitaka yule kikongwe aaibike vizuri.

Lorenz akapangusa masizi kwa pamba yenye dawa. Theluji ikang'aa. Alipofika kwenye kichaka, akasita.

"Odilo, hiki si cha mchoraji. Ni rangi ya kupaka mbao za nyumba, imepakwa baadaye."

"Futa," akasema Bi Kreszentia.

"Futa!" nami nikadakia, bwege mimi.

Kichaka kikatoka. Mlangoni kukabaki msalaba na nusu mwezi, alama ile ile iliyo kwenye ndoo zake za maziwa.

Nikatamani ardhi inimeze.

Bibi akaichukua ile pamba iliyoshika kijani cha kichaka, akavuka barabara hadi nyumbani kwangu, sote tukimfuata. Akaiweka kwenye mbao za dirisha. Kijani kile kile! Babu ndiye aliyeichagua rangi hiyo, na sisi tumeendelea kuipaka mpaka leo.

"Mjukuu wa Alfons," akasema, "babu yako alikuwa mwizi, lakini alikuwa na akili. Yeye hakuita fundi."

Ng'ombe nimeuza wote.

Ndugu yangu, ukirithi kitu kichafu, usikisafishe mbele za watu kabla hujajua marehemu alikichafua kwa nini.