Shaba Nyuma ya Banda la Mashine

Mwalimu wetu wa umeme chuoni alikuwa na ugonjwa wa kupenda vinu vya nyuklia. Nchi nzima haikuwa na hata kimoja, na taa za darasa lenyewe zilizimika kila mvua ikinyesha, lakini tulikaririshwa jinsi wavu wa shaba unavyofukiwa chini ya jengo zima ili umeme ukivuja uingie ardhini, usipite kwa binadamu. Nikarudi nyumbani Mbozi na elimu hiyo kubwa, nikakuta mashine ya kusaga ya shangazi inapiga watu shoti.

Shangazi alikuwa mjane na mzee wa kanisa. Wateja walimimina mahindi wakiwa wamejivuta nyuma kama wanaolisha mbwa mkali. Nikachimba shimo nyuma ya banda, nikapigilia nondo ya shaba, nikaizungushia mkaa na chumvi maana udongo wa kiangazi ulikuwa mkavu mno kupitisha umeme, kisha nikavuta waya hadi kwenye mwili wa mashine. Shoti ikaisha. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitazama kila kitu bila kuniuliza swali hata moja. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa nashughulika kujisifu.

Kufikia Jumapili kijiji kizima kilijua kwamba shangazi amefukia dawa ya kuvuta wateja. Mwinjilisti akaja na wazee wengine wa kanisa: ing'olewe, ichomwe, la sivyo atatengwa. Nikajitosa kueleza. Nikawaambia hata vinu vya nyuklia hufukia shaba. Mwinjilisti akauliza nyuklia ni nini, nikasema ni ile nguvu ya mabomu. Nilikuwa nimemmaliza shangazi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikamnong'oneza tuing'oe, wakiondoka nitairudisha. Alinitazama kana kwamba nimetema mate ndani ya unga.

"Mwanangu, watoto wa watu wanashika mashine hii kila siku," akasema, wote wakisikia. "Nikiitoa, akafa mmoja, mkate wa Meza ya Bwana nitaupokea kwa mkono upi?"

Akatengwa. Siku ya Meza ya Bwana alibaki benchi la nyuma peke yake wenzake wakienda mbele, nami nikalia kwa hasira kanisani, mtu mzima na vyeti vyangu.

Kesho yake asubuhi mke wa mwinjilisti alileta madebe mawili ya mahindi. Akaegemeza kiwiko kwenye mashine, akapiga soga akisubiri unga wake. Shangazi alimsagia laini, akamwambia awasalimie nyumbani.