Leo nimempa pole meneja

Leo nimempa pole mtu ambaye hakuihitaji hata kidogo.

Nimempakia mzee wa Kiingereza kwenye teksi yangu huku Uarabuni, mtaa wa Al Sadd, namrudisha hotelini kwake mtaa wa The Pearl. Mpole, ila anachechemea. Nikamuuliza goti limepatwa na nini.

Akasema ni mpira. Alicheza mpaka goti likagoma, kisha klabu yake ikampa umeneja.

Sasa Wabongo wenzangu, mnajua kwetu meneja wa timu ni nani. Ni yule anayebeba mipira, anayekusanya jezi chafu, anayetafutwa soksi zikipotea.

Nikamwonea huruma kweli. Nikamwambia, "Pole sana, mzee. Utoke kucheza, uje kuwabebea wenzako jezi."

Akatazama dirishani kidogo. "Zilikuwa nzito," akasema.

Tukafika. Mlinzi wa mlangoni, rafiki yangu Mkenya, akamwona mzee na kuganda. Akaninong'oneza:

"Buda, unajua umebeba nani? Huyu alichukua ligi ya Uingereza na katimu hakuna mtu alikuwa anakatambua."

Nikamwambia mbona mwenyewe kasema alikuwa meneja tu.

"Kwao meneja ndiye kocha mkuu."

Msinicheke. Nani kati yenu angejua?

Nikakimbilia buti la gari nimtolee begi, angalau nimwombe radhi nikiwa nimelishika.

Mzee akaniwahi. Kocha bingwa, na goti lake lile, akalinyanyua begi mwenyewe na kulitupia begani.

"Acha tu, kijana," akaniambia. "Mizigo ni kazi ya meneja."