Picha ya Salhiya kwenye Mdalasini

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Salhiya alikuwa akiandika hesabu moja kwa chaki nyuma ya mlango, akaifanya kwa kusimama, kisha akaifuta kwa upindo wa kanga. Akikosea anaanza upya, na mteja wa kwanza atagonga mpaka achoke.

Salhiya ni mtoto wa ndugu yake baba. Alikuja kwetu kutoka Matemwe akiwa na miaka kumi na sita, ati asome skuli ya mjini. Skuli aliimaliza kwa taabu, maana baba alimtia dukani, duka letu la viungo hapa Darajani, na miaka minane hakutoka. Karafuu anaijua ubora kwa kuitafuna tu. Watu wa mahoteli ya Mbweni wakija humuulizia yeye. Baba wanamwamkia tu, basi.

Mwaka huu alijiandikisha kufanya mtihani wa kuingilia chuo cha biashara. Miezi minne alijaza daftari kubwa: asilimia, uwiano, insha za Kiingereza. Humo ndani aliweka karatasi ya kuingilia mtihani, yenye picha yake na namba. Bila ya karatasi hiyo, mlangoni hupiti.

Alkhamisi alikwenda kusali adhuhuri. Mimi nilikuwa nyuma nachambua karafuu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hivyo viungo tunafungia kwa karatasi za madaftari ya zamani. Baba akavuta daftari la Salhiya chini ya mizani, akaanza kuchana kurasa na kuwafungia wateja. Nilidhani kakosea. Halafu akafika kwenye karatasi yenye picha. Akaitazama. Akaigeuza, akaitazama tena. Akamfungia mdalasini Bi Ummkulthum, jirani yetu.

Nikaendelea kuchambua karafuu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Salhiya karudi, hajawahi hata kukaa, Bi Ummkulthum huyo naye karudi, karatasi mkononi, anacheka. "Weye Salhiya! Leo unauzwa pamoja na mdalasini? Nafungua jikoni, nakuona wanitolea macho!"

Salhiya akaipokea karatasi. Akatazama chini ya mizani. Daftari lilibaki jalada.

"Ami, kurasa zangu ziko wapi?"

"Karatasi ikishaandikwa ishamaliza kazi yake." Baba hata kichwa hakuinua. "Tena mtu husomea biashara? Biashara si hii hapa? Babu yako kasoma chuo gani?"

"Mtihani keshokutwa, ami."

"Keshokutwa inakuja meli ya watalii. Atauza nani? Mimi na mgongo wangu huu? Haya, nimekosea, sikuona. Kamata kazi."

"Kakosea, mwanangu," akasema Bi Ummkulthum, kicheko kishamkauka. "Msamehe."

Nikaisikia sauti yangu. "Aliiona picha. Aliitazama mara mbili."

Baba akageuka. "Nani kakuuliza weye?"

Hakuna aliyeniuliza. Nyumbani kwetu hatuulizwi. Nilitolewa skuli darasa la tano nimuuguze bibi, sikuulizwa. Na mtaani watu wanamsifu baba, ati kamlea mtoto wa nduguye kama wake. Kweli, kama wake! Wake si mimi huyu hapa nyuma ya magunia?

Salhiya hakulia. Aliipangusa karatasi unga wa mdalasini, akaiangalia namba. Ilisomeka. Akaikunja, akaitia kifuani, akachukua buibui lake msumarini.

"Wenda wapi?"

"Nnakwenda kusoma, ami. Zimebaki siku mbili."

"Utasoma nini? Daftari lishakwisha hilo."

"Nliliandika mimi," akasema.

Akanigusa bega, akateremka. Baba akasimama mlangoni, mgongo wake umepona ghafla, akipiga kelele: "Na Jumamosi nani atafungua?" Wenye maduka ya jirani wakatoa vichwa. Salhiya hakugeuka. Alikata kona ya kuelekea Mkunazini, na hakurudi: si kula, si kulala, wala Jumamosi meli ilipokuja.